Jogoo wa Baba Wei

Mama, shikamoo.

Nina habari, na nina swali ambalo jibu lake unalo wewe tu.

Kaka yako aliipeleka nyumba ya Mbwawa mahakamani, Kibaha. Alidai Baba Wei, aliyenilea tangu nina miaka saba, alikuwa mpangaji wako tu. Mchina na Mzaramo wameoana wapi, akauliza, na cheti kiko wapi? Cheti kweli hakuna. Ila kwenye sanduku lako la khanga nilikuta fomu tatu za kuomba ndoa, zote kwa mwandiko wako, zote zimerudishwa kwa kukosa karatasi za Baba Wei kutoka kwao China. Mara tatu, Mama. Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani hujali.

Hakimu alisema anaweza kuwatambua kama mume na mke, ila kwanza ajue majirani waliwachukuliaje. Basi akasimama Bi Kabula, mtani wetu wa Kinyamwezi. Akaeleza ya kwenye msiba wako: alivaa kofia ya Baba Wei, akabeba ile chupa yake ya maji ya moto, akatembea kwa hatua zake fupi huku akilia, "Nani atanichemshia maji?" Tulicheka na machozi yetu. Akagoma kurudisha vitu mpaka mfiwa atoe faini. Baba Wei akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo.

Wakili wa mjomba akamuuliza kama ile haikuwa dharau kwa mgeni.

"Mpangaji nimtanie kwa lipi?" Bi Kabula akasema. "Nilimtania mume wa marehemu."

Jana hukumu ilitoka. Nyinyi ni mume na mke, na Baba Wei haondoki Mbwawa. Nililia palepale kwenye benchi.

Tukiwa tunarudi nikamuuliza jogoo alimtoa wapi, maana sisi hatufugi. Akasema alimtafuta siku ulipozidiwa, kwa sababu ulimwambia pale hospitali, "Watakuja kukutania. Usikasirike. Weka jogoo."

Ijumaa tunakuja kwenu Kisarawe, kaburini. Nitakusomea hukumu yote, kila ukurasa, nakuahidi, na yeye atakuja na chupa yake. Pumzika, Mama wangu. Nimekukumbuka mno.

Ila niambie: ulikuwa unamfundisha msiba wetu, au ulikuwa unajaza fomu ya nne?

Mwanao,
Zuhura