Msumari Kwenye Pipa la Liang

Jumanne, 14 Oktoba

Glasi tena. Kutwa nzima kiwandani kugonga glasi kwa ukucha, kusikiliza mlio, kuweka alama kwenye orodha. Hoteli ya Diani inataka za mvinyo, za mguu mrefu. Ya Malindi inataka zisizovunjika, kana kwamba kuna kitu kama hicho duniani. Nimechoka, lakini si vibaya. Ni miguu tu.

Nikitoka huko nimepitia kwa Liang. Zamani ndiye aliyekuwa akiniuzia glasi, kule kiwandani Foshan, kabla hajaacha kazi na kufungua kiduka chake cha bia hapa Haizhu. Bia anapika mwenyewe chumba cha nyuma. Watu bado wanamwita laoban, bosi, ingawa mfanyakazi wa huo ubosi ni mkewe peke yake. Nimemkuta kajifunika blanketi, na joto lote hili. Mafua. Mkewe kanimiminia chai, nikagonga meza kwa vidole viwili kushukuru, kama wanavyofanya wao. Miaka sita hapa Uchina, mkono sasa unagonga wenyewe. Siku nilipogonga hivyo nyumbani Rabai, mama aliuliza kama kuna mdudu mezani.

Liang kanisimulia habari za pipa kwa mara ya mia. Bia kali, imelala miaka miwili ndani ya pipa lililokuwa la mvinyo mwekundu, ikaachwa ichache kwa makusudi. Jumamosi ya tarehe 25 wanakuja wageni kuionja. Wakiipenda, mkahawa mmoja mkubwa utaichukua yote, na yeye ataendelea kupika. Wasipoipenda, anauza mitambo na kurudi kiwandani. Amemwahidi mkewe. Mapipa mawili ya kwanza yaliharibika. Hili ndilo la mwisho.

Alhamisi, 16 Oktoba

Liang kapiga simu. Homa imeshuka lakini pua imekufa. Hasikii harufu hata ya kitunguu saumu, na ulimini kila kitu ni maji. Anataka mimi nimwonjee pipa, ajue kama liko sawa kabla wageni hawajafika.

Kwa nini mimi? Kwa sababu ya mdomo wangu. Niliwahi kumwambia kwamba nimelelewa mangwe, kilabu cha mnazi. Baba mgema, mama akiuza mnazi bandani kwetu, walevi wote wa mtaa nikiwajua kwa kikohozi. Nikiwa na miaka minane nilikuwa nikiinama juu ya mtungi na kusema: huu wa leo asubuhi, huu wa jana, huu sasa ni siki, mama uutie kwenye kachumbari. Sikukosea hata mara moja. Watu wazima walininunulia mahamri nifanye tena.

Nimefurahi kuombwa. Niseme kweli, nimevimba kichwa.

Salma amenicheka. Ni Mzanzibari, tunapanga pamoja, anafunga mizigo ya viatu kule Liuhua, na pombe haijui hata kwa harufu. Kasema, "Shoga, watu wanakuja Uchina kutafuta mali, wewe umekuja kuonja ulevi? Mchungaji wako anajua?" Nikamwambia mchungaji yuko mbali. "Mungu je?" Nimejipakulia wali wake wa nazi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siki.

Siwezi kuandika mengi. Mkewe Liang alikuwa sokoni, akaniachia ufunguo. Liang alinielekeza kwa simu kutoka juu kitandani, sauti imekauka kwa mafua. Kasema koleo liko ukutani. Nikalichukua koleo, nikapanda kigoda, nikang'oa kizibo cha juu ya pipa. Harufu ikanipiga usoni kabla sijainama. Kali. Siki ya kutia machozi. Ndani, juu ya bia, utando mweupe wenye mikunjo, kama wa maziwa yaliyosahauliwa. Nikausukuma pembeni kwa kata, nikachota, nikaonja.

Siki, siki, siki.

Halafu nikampigia. Akasema "hao", sawa, mara mbili. Alinishukuru. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri.

Liang amewaambia wageni wasije. Kuna mtu anakuja Jumatano kuitazama mitambo. Pipa watalimwaga Jumanne. Mkewe ndiye aliyeniambia haya, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayesema kesho ni siku ya kufua. Nilidhani angefurahi. Chumba cha nyuma amekitaka tangu zamani, mama yake apate pa kulala akija kutoka kijijini. Hakuwa na furaha.

Salma anasema sikufanya kosa, nimesema kweli tu. Ni kweli. Lakini kuna kitu hakinikai sawa. Miaka miwili mtu anaijua bia yake. Mwezi uliopita alitoka nayo chumba cha nyuma kwenye glasi, akaionja mbele yangu, na pua nzima, akafumba macho. Mwezi mmoja unaweza kuligeuza pipa zima?

Mnazi, ndiyo. Mnazi unageuka kwa siku moja. Sijui kuhusu hii.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kiwandani. Glasi mia tatu za Diani zina mapovu ndani ya kioo. Nimegombana na meneja mpaka akaniletea kiti na maji. Nimeshinda. Sikujisikia mshindi.

Kesho nitakwenda kusaidia kumwaga. Sitaki, ila sitaki zaidi wamwage bila mimi. Mimi ndiye niliyesema imeharibika, basi nisimame pale.

Jumanne, 21 Oktoba

Niandike polepole, yasinipotee.

Nilifika saa tatu asubuhi. Liang yuko juu kitandani, hataki kuona. Mkewe kavaa mabuti ya mpira, ameshaleta mpira wa maji na kutumbukiza ncha yake moja kwenye tundu la kizibo. Ncha ya pili iko kwenye mfereji. Alikuwa anatafuta namna ya kuivuta bia. Mimi nilisimama mbele ya pipa, sijui nishike nini, macho yakienda huku na huku. Ndipo nikauona msumari.

Upande wa mbele wa pipa, usawa wa kiuno changu, katikati ya ubao. Msumari mdogo unaong'aa, usio na kutu. Chini yake doa jekundu limechuruzika na kukauka.

Nikauliza, huu msumari wa nini? Alinitazama kama nimeuliza mlango ni wa nini. Kasema, "Ndipo Liang anapoonjea. Anauchomoa kwa koleo, inatoka kidogo, anaurudisha. Juu hafungui. Miaka miwili hajafungua juu."

Koleo. Ukutani. Lilikuwa la msumari.

Mimi mtoto wa mangwe, mimi na kata yangu! Kwetu mtungi uko wazi, unapuliza povu, unachota juu, unahukumu. Nani kwetu atatoboa mtungi ubavuni? Sikufikiri hata kidogo kwamba hawa wana njia nyingine. Na juu ya pipa ndipo hewa inapogusa, ndipo ukali wote unapojikusanya chini ya kizibo. Nilinusa paa nikasema nyumba imeungua.

Nikamwambia, "Laobanniang," mke wa bosi, "ngoja. Tafadhali ngoja kwanza." Nikachukua koleo na glasi, nikachomoa. Kijito chembamba kama uzi wa kushonea, chekundu cheusi. Robo glasi. Nikarudisha msumari kwa mkono wa kushoto, nikajimwagia mkono wote.

Nilinusa nikiwa nimefumba macho, kama mtungini.

Zambarau. Zambarau zilizoiva mno, zile za kuokota chini, zinazopaka meno rangi. Nyuma yake ubao, ubao mkavu, kama sanduku la nguo za mama. Nikaonja. Kwanza uchachu, wa kukunja shavu, ukwaju mtupu. Halafu uchachu unasogea pembeni na utamu unapita, mdogo, wa zabibu kavu. Mwisho ukakasi unashika ulimi kama zambarau yenyewe, na joto linashuka kifuani taratibu. Kali kweli. Siki ilikuwepo, ila mbali, tone tu, mahali pake.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia na glasi mkononi, na mke wa Liang akadhani ni mbaya kupita kiasi. Akaninyang'anya, akaonja. Huyu mama husema kila siku bia ni maji ya wali uliolala. Akakunja uso. Akaonja tena. Akautazama mpira wa maji, akauchomoa pipani, akaukung'uta na kuuning'iniza dirishani.

Kumwambia Liang ndiko kulikuwa kugumu. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikasimama mlangoni, nikasema yote: kata, utando, kizibo. Nilisema nilijisifu kwa kitu nisichokijua. Alikaa kitandani ananisikiliza. Halafu akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mkewe akaja kumpiga mgongo. Kizibo kirudishwe, basi. Utando utajifunga wenyewe. Ila isikae zaidi, imeshapata hewa, iingie kwenye chupa wiki ijayo.

Wageni je? Walishaambiwa imeharibika. Liang aliona haya kuwapigia. Mkewe akachukua simu, akaenda dirishani, akawapigia mmoja mmoja. Nilielewa nusu. "Mume wangu alikuwa na homa. Mtu mwenye homa husema lolote." Jina langu hakulitaja hata mara moja.

Kamtwika mumewe kosa langu. Nikamgongea ukuta vidole viwili, meza ilikuwa mbali. Aliona.

Jumatano, 22 Oktoba

Yule mtu wa mitambo kaambiwa "mei you", hakuna. Mzuri huo msemo. Miaka sita nimeambiwa mimi.

Nimemtumia mama ujumbe wa sauti, nikamweleza kila kitu. Jibu lake ni kicheko cha dakika nzima, halafu: "Sasa mahamri yote yale warudishiwe wenyewe."

Jumamosi, 25 Oktoba

Maonyesho ya biashara Pazhou asubuhi na wateja wangu, jioni kwa Liang. Treni za chini ya ardhi zimejaa wanunuzi na mikoba ya sampuli, nimesimama kwa kidole gumba cha mguu tu. Nimefika kwa wakati.

Wageni tisa. Mmoja ni mpishi mkuu wa ule mkahawa, mtu mnene, kimya, anayekula karanga moja moja. Liang kavaa shati jeupe, pua bado imekufa. Hajaionja bia yake mwenyewe na hawezi kuionja. Alisimama karibu na pipa anasoma nyuso za watu. Sijawahi kumwona mtu mpweke namna ile katikati ya sherehe yake.

Mimi ndiye niliyevuta msumari. Alinipa koleo mbele ya wote na kusema huyu ni binti wa mpika pombe kutoka Afrika. Nilimnong'oneza kwamba mnazi haupikwi, unagemwa. Hakujali. Nilimimina robo glasi kila mtu, katika glasi zangu, za mguu mrefu.

Wa kwanza akakunja uso. Wa pili akanywa yote kwa mkupuo kwa desturi ya heshima, akabaki mdomo wazi, maskini. Mpishi alinusa muda mrefu. Akaonja. Akaweka karanga chini. Aliuliza kitu kimoja tu, kama anaweza kupata nyingine.

Ataichukua yote, isipokuwa chupa kumi na mbili. Na pipa jingine lijazwe mwezi ujao.

Liang alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, ikoje? Nikamwambia. Zambarau hazijui, nikasema tunda jeusi la kwetu. Nikamwambia ubao, uchachu unaosogea, joto la kifuani. Alikunywa huku nikisema, akiitikia kwa kichwa, kama anayesomewa barua. Niliona huruma na furaha pamoja, na furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Jumapili, 26 Oktoba

Kichwa kizito. Salma kasema, "Si ulisema waonja tu?" Kanitengenezea chai ya tangawizi. Kanusa shati langu, kasema linanuka achari. Amekataza chupa yangu, aliyonijazia Liang jana pipani, isikae kwenye friji pamoja na samaki wake. Iko chini ya kitanda.

Kanisani nimesikia mahubiri yote.

Jumanne, 4 Novemba

Mizigo ya Diani imeshafika bandarini Huangpu. Glasi nzima, mapovu hakuna. Joto limepungua, nimefungua dirisha kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Asubuhi mke wa Liang kapiga simu. Kasema Liang amegombana naye juu ya kitunguu saumu, eti kimezidi kwenye mboga. Sikuelewa mpaka nilipokata simu: anakisikia! Nikaivuta chupa chini ya kitanda, nikaifunga kwa khanga, nikaenda.

Tulikaa watatu mezani. Nilifungua, nikammiminia Liang kwanza. Alinusa. Akafumba macho, kama ule mwezi mwingine. Akaonja, akakaa hivyo hivyo, glasi imegusa kidevu, muda wa mtu kuvaa viatu na kuvua.

Halafu akanyoosha mkono juu ya meza, bila kufumbua macho, akagonga kwa vidole viwili. Mbele yangu, si mbele ya glasi.

Nikamwongezea.