Sikio ya Mama Mukwe

Baba Kalenga,

Uliniacha vibaya. Samahani, lakini njo vile nasikia moyoni. Nilikuwa bado mwanafunzi wako wa kupima masikio na kuvalisha bantu apareye ya kusikia, na wewe unaenda kufa! Tangu tukuzike niko peke yangu katika kile chumba ya nyuma ya lopitali. Bale bazee ambao mashine ya kutoboa mawe ilibaharibu masikio kule mugodini Kambove bakikuja, banasimama mulangoni, banauliza: "Sitwayeni Mutombo, muzee iko wapi?"

Sasa sikia. Mama ya bibi yangu Ngalula alikuja. Mama mukwe! Wewe njo ungemuhudumia, tulipatana vile. Unajua kwetu Kasai: mwanaume hawezi kumukaribia mama ya bibi yake, hawezi kumuangalia usoni, sembuse kumushika sikio. Lakini lori karibu imugonge pa barabara ya Bel-Air. Dreva anapiga honi, yeye anaenda tu. Ningefanya nini?

Niligeukia ukuta. Ngalula akafanya kazi, mimi namuelekeza. Pamba yenye kufungwa uzi iingie kwanza, ju bila ile, udongo ya kuchukua umbo ya sikio inashuka mpaka ndani kabisa na inaumiza muntu. Mara nasikia Ngalula: "Yoo! Pamba imezama, uzi siuone tena!"

Nikageuka. Baba, nilimushika mama mukwe kichwa na mikono yangu yote mbili! Nikatoa pamba polepole, jasho inanitiririka. Na vile nilikuwa nimekwisha kumugusa, nikaweka ingine, nikachukua na umbo. Yeye alifunga macho. Akajifunika kitambaa yake, akatoka.

Nilituma kuku ya kuomba musamaha, vile desturi inataka. Haikurudishwa, lakini hata salamu haikukuja. Ngalula analia: "Umetuletea aibu!" Nikawaza: akikataa kurudi, atabaki kiziwi ju ya mikono yangu, na siku moja lori haitamukosa.

Leo amekuja. Aliketi, akanipa mugongo, akaondoa yeye mwenyewe kitambaa pa sikio. Ngalula akamufunga kasanduku ya apareye kifuani. Mimi nikaingiza katika sikio kile kipande nilitengeneza kufuata umbo yake, nikafungua sauti kidogo kidogo. Nikamuuliza chini chini kama anasikia.

"Nasikia, mukwe. Lakini usiniangalie."

Baba, nililia pale pale, macho kwenye ukuta.

Woga haijaisha. Kesho kuna mama mwingine, simujue, na wewe hauko wa kuuliza. Lala muzuri, Baba Kalenga. Nakuahidi: Ngalula nitamufundisha kazi yote, ili mama asichague tena kati ya heshima na masikio. Tutaanza na pamba na uzi.

Mwanafunzi wako,
Mutombo