Abee, Madam

Jumatatu, 3 Novemba

Kuku, mchele, karoti. Bila chumvi, bila kitunguu. Nimepoza, nimetoa mifupa, nimemwekea Tofi bakuli pale pale pa siku zote. Hakuinuka. Tangu Madam afariki kitini pake wiki iliyopita, mbwa huyu hali. Anakunywa maji tu na kukitazama kiti.

Fulana ya sufu aliyokuwa akimfumia bado iko kitini, sindano zimo. Mikono ya mbele imekwisha, ya nyuma bado. Siigusi. Hata vumbi la kiti silifuti.

Mimi mbwa siwapendi. Nimelelewa Lamu, mate ya mbwa ni najisi. Lakini chakula chake nimekipika mimi miaka yote hii, na kukimwaga kunaniuma.

Jumanne, 4 Novemba

Mwanawe Madam amepiga simu. Anakuja Jumamosi na daktari wa wanyama. Anasema mbwa mzee asiyekula anateseka bure, heri adungwe sindano alale moja kwa moja. Nikajibu "Yes, sir." Nikaenda kulia bafuni. Nimejishangaa.

Nimemwita Tofi kila namna. Njoo. Come. Yalla. Hata mluzi. Wapi!

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwaga tena. Mbavu zinahesabika. Anatazama kiti, halafu mlango wa jikoni, halafu kiti. Kuna kitu anakisubiri. Nywele zimenisimama. Nimesoma Ayatul Kursiy, nikafungua redio.

Alhamisi, 6 Novemba

Njeri, Mkenya mwenzangu, mlinzi wa jengo letu, alipanda na kifurushi. Akaita toka mlangoni, "Mwanakombo!" Nikaitika jikoni kama nilivyozoea, "Abee!" Tofi akainuka. Akaenda kwenye bakuli, akala kidogo. Akakitazama kiti, akaacha.

Hapo nikaelewa. Jina langu lilimshinda Madam, akalikata. "Kombo!" Nilimwambia makombo ni masalio ya chakula, akacheka mpaka akapaliwa. Kila mlo wa Tofi yeye aliita, mimi nikaitika abee, nikaja na bakuli. Mbwa hakusubiri kuku. Alisubiri abee.

Njeri alicheka. "Si useme tu, Mwana! Ni word moja na dog inakufa!"

Nikamwomba apande kila siku aniite. Hawezi, msimamizi wake mkali. Na yeye mtu wa bara, hajui. Kwetu haitikiwi mtu asiyeonekana. Bibi alitufunza: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza. Ukiitika, umemfungulia mlango. Na aliyekuwa akiniita amezikwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeweka bakuli kimya. Hakuinuka. Baadaye alitaka maji, miguu ya nyuma ikamwangusha. Nilisimama jikoni na neno mdomoni, nikalimeza. Mwoga mimi.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamepiga simu wakiwa njiani. Nikachukua bakuli. Nikakitazama kiti. Nikasema kwa sauti yangu ya kila siku, "Abee, Madam."

Tofi akaja akiyumba. Akala, akalamba bakuli mpaka likateleza sakafuni. Wakamkuta analifuata. Daktari akampapasa tumbo. Mwanawe Madam akageukia dirishani.

"Khalas, basi," akasema. "Abaki nawe."

Nimefurahi. Na naogopa. Yote mawili.

Jumatano, 12 Novemba

Tofi ananenepa. Kiti nimekifuta. Fulana nimeichukua, nafuma mkono wa tatu. Wangu umekaza kuliko ya Madam, utambana.

Mchana nilikuwa namenya karoti, kuku bado anachemka. Nikaitika, "Abee!" Tofi akaja akasimama mbele ya bakuli tupu. Akanitazama, nami nikamtazama. Haukuwa wakati wa mlo.

Nikafuta mikono, nikaenda sebuleni kumuuliza Madam anataka nini.