Dada, Nilijua Maji Yatapita Wapi

Mpendwa dada Mwanahawa,

Shikamoo. Najua shikamoo yangu haina uzito tena kwako, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Nakuandikia nikiwa kibarazani kwangu Boko, asubuhi ya Jumapili, watoto wamekwenda madrasa na mama yao yuko sokoni. Barua hii nitampa Salma, binamu yetu wa Mtoni, akuletee kwa mkono. Isome kwanza mwenyewe, taratibu. Ukiona inafaa, wasomee watu wote pale kijijini, maana sina cha kuficha tena.

Nikikumbuka kwetu, kitu cha kwanza kunijia ni mgongo wako. Mama alifariki na mdogo wetu tumboni, akiwa kwenye uchungu wa kujifungua, wiki ya maji mafu, bahari haikupwa vya kutosha watu kupita kwa miguu na mashua haikupatikana. Hospitali iko ng'ambo, kwenye kisiwa cha pili. Paa lake tulikuwa tunaliona. Wewe ulikuwa darasa la sita, ukaacha shule ukanilea, na nilipofika umri wa kusoma ukawa unanivusha mwenyewe. Ulihesabu mwezi kwa vidole. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hiyo ni bamvua, bahari inakwenda mbali sana na inarudi juu sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, haiendi mbali wala hairudi juu. Mtoto wa kwetu analijua hili kabla hajajua kuandika jina lake.

Asubuhi za bamvua tulikuwa tunashuka ufukweni, matope yanakufika magotini, mimi mgongoni, sare zangu umezifunga kwenye kanga kichwani. Tukifika kwenye mkondo, pale maji yalipokufika kifuani, ulikuwa unaniambia, "Ukinikojolea leo nakuacha hapa hapa uwe kaa." Nilikukojolea mara mbili, dada, na hukuniacha. Ulinikabidhi kwa shangazi ng'ambo, nikasoma, ukanifuata maji yalipokupwa tena.

Nilipofaulu kwenda sekondari, mjomba alinichukua nikakae kwake Mtoni. Huko ndiko nilikoanza kukukana kidogo kidogo. Wenzangu waliniita "Kisiwa", wakaniuliza kama kwetu tunalala na samaki. Nikajifunza kusema mimi ni mtoto wa Temeke. Nilipopata kazi kwenye kampuni ya wapimaji kule Kinondoni, nikajaza hivyo hivyo kwenye fomu. Hakuna aliyenilazimisha, mkono ulikuwa wangu.

Basi ikaja kazi ya daraja. Daraja la kuunganisha kwetu na ng'ambo! Siku nilipoiona ile ramani mezani moyo uliniruka kwa furaha, na papo hapo nikaogopa, kwa sababu kusema "hapo ndipo kwetu" kungekuwa kukiri kwamba miaka yote nimewadanganya. Nikanoa penseli.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui. Nilikuwemo kwenye msafara wa kupima. Safari ilipangwa kwa kalenda ya ofisi, pale kibali kilipotoka na boti ilipopatikana, ikaangukia maji mafu. Nilijua tangu tunapanda boti, kwa sababu mwezi ulikuwa nusu na niliuona mchana kweupe. Bahari ikipimwa siku hizo inaonekana mpole kuliko ilivyo. Ningesema neno moja tu tungerudi wiki inayofuata. Sikusema, maana wangeniuliza nimejuaje. Siku ya tatu ukatokea upande wa pili wa mkondo, unachokonoa chaza ukingoni. Ulitupungia mkono kama unavyowapungia wageni wote, na wenzangu wakakupungia. Mimi niliinama kwenye kifaa, nikavuta kofia usoni, nikawa naandika namba kwenye daftari mpaka ulipoondoka. Nilikaa siku nne kule na sikuja kukusalimia.

Miezi ikapita, wakaitwa wawakilishi wa visiwa vyote viwili waje Dar, ofisini kwetu, kutoa maoni. Ukachaguliwa wewe. Ulifikia kwa Salma, na aliposema anipigie simu ukamkataza, ukamwambia niachwe na kazi zangu, tutaonana huko huko ofisini. Uliingia ukumbini na kanga mpya, umebeba kifurushi cha pweza mkavu ulichoniletea kutoka nyumbani. Madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, harufu ikatangulia mbele yako. Mwenzangu mmoja akanikonyeza, akaziba pua. Nikacheka naye. Dada, nilicheka.

Ukaniona, ukafungua mdomo kuniita. Nikatazama karatasi zangu. Ukaufunga. Ulipopewa nafasi ulisema bila kupandisha sauti, "Daraja tunalitaka, mie kuliko nyie wote humu. Ila hilo tuta la kupandia darajani mnalotaka kulijaza mawe upande wetu litaziba bahari. Nyie mlikuja kupima siku za maji mafu, niliwaona, hata mkono niliwapungia. Bamvua kubwa ikija, maji yatakosa pa kupita, yatazunguka nyuma ya msikiti yaingie bondeni kwenye kisima. Acheni matundu hapo chini, maji yapite."

Bosi akanigeukia mimi, kwa vile daftari la vipimo lilikuwa langu. "Hamisi, wewe ulifika kule. Huyu mama unamfahamu? Hoja yake ina uzito?"

"Simfahamu, bosi," nikasema. "Vipimo viko sawa. Watu wa kule wana hofu zao tu."

Ungeweza kuniumbua pale pale na ulikuwa na haki zote. Ulikusanya kanga yako, ukakaa. Ulipotoka ulimwachia mlinzi kile kifurushi, ukamwambia, "Mpe yule kijana wa daftari." Sikukichukua. Mlinzi alikwenda nacho kwake Keko, na kesho yake akanishukuru sana, eti wanawe walilamba hadi sufuria. Nilimjibu "karibu" kama mtu mkarimu.

Salma alinipigia simu jioni ile ulipopanda basi kurudi. "Mie nawe basi, Hamisi! Mtu kalala kwangu siku tatu, kila gari likisimama nje anachungulia dirishani kama ni wewe. We una moyo wa aina gani?" Nilimwambia nilikuwa na kazi nyingi.

Daraja likajengwa, na tuta likajazwa mawe kama lilivyochorwa, bila tundu hata moja. Siwezi kusema uongo, daraja ni zuri. Salma anasema siku hizi wajawazito wanafika hospitali chai haijapoa. Kwa ajili ya mama, hilo peke yake lingetosha mimi nawe tukumbatiane tulie kwa furaha, kama tungekuwa tunaongea. Ofisini walinipa cheti cha kazi nzuri. Mke wangu alikitundika sebuleni, nami nikatafuta kisingizio cha kukishusha.

Halafu ikaja bamvua kubwa ya kwanza, na maji yakafanya kama ulivyosema. Yalifika kwenye tuta yakakwama, yakazunguka nyuma ya msikiti, yakashuka bondeni. Kisima kikaingia chumvi. Migomba yako imekauka, nimesikia. Wanawake wa kwetu wanapanga madumu kwenye bajaji na kuvuka daraja kwenda kuomba maji ng'ambo, daraja ambalo wewe ulilitamani tangu siku tuliyomzika mama. Nilikupigia. Ulipokea, ukaniacha niongee mpaka maneno yakaniishia. Kisha ukasema, "Chai yangu ina chumvi siku hizi, mwanangu," ukakata simu. Nimepiga tena mara nyingi, hupokei.

Naona aibu, dada. Nikifungua bomba hapa Boko, maji yakitoka ni mazuri, nami naona aibu. Binti yangu mdogo nimempa jina lako, na ofisini waliponiuliza nimelitoa wapi nilisema nimelipenda tu. Nimekaa nikijitetea usiku na mchana kwamba nilikuwa kijana, niliogopa kuchekwa, hata ningesema wasingenisikiliza. Yote hayo ni porojo. Mtu mzima mwenye ndevu alimwogopa mwenzake aliyeziba pua, akawauza watu wa kwao.

Jumatano iliyopita nilimwandikia bosi kila kitu: tulipima siku gani, nilijua nini, na wewe ni nani kwangu. Akaniita, akasoma barua mbele yangu mara mbili. Akasema, "Umetuponza sote, Hamisi." Nimeondolewa kwenye nafasi yangu na sijui kama nitabaki kazini. Lakini wamekubali kuja kupima upya, safari hii mwezi ukiwa mpevu, wajue watoboe wapi kwenye tuta. Wametaka mtu wa kuwaonyesha njia ya maji, na nimetaja jina lako. Nimewaambia wasianze bila wewe.

Mimi nitakuja nao kama mshika fimbo ya kupimia. Ni kazi ya kibarua, mtu anasimama ndani ya maji anakoelekezwa, basi.

Sikuombi unisamehe kwa barua, hilo ni kubwa mno kwa karatasi mbili. Ninachokuomba ni ushuke ukingoni siku hiyo, uwaelekeze kwa ajili ya kisima, na safari hii usimeze neno hata moja kwa kunionea huruma. Watu wa kwetu wote watakuwa wamejaa pale juu ya tuta. Bosi naye atakuwepo, namjua, lazima atakuuliza kama unanifahamu. Jibu unavyotaka, dada. Ukisema hunijui sitainua kichwa kubisha, nitaendelea kushika fimbo pale utakaponionyesha, mpaka kazi iishe.

Nisalimie wote wanaobeba madumu kwa sababu yangu.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,

Hamisi