Mkono Ndani, Uso Nje

Jumatatu, 3 Machi

Maziwa yamefurika tena. Niligeuza kichwa kidogo tu kutafuta iliki, jiko likazimika, gesi ikanuka nyumba nzima. Nimefuta, nimeanza upya. Asubuhi yenyewe ndiyo hiyo.

Kahawa ya Bukoba kwenye birika dogo la chuma, moto mdogo. Mdalasini, iliki iliyotwangwa, tangawizi kiasi. Maziwa yakichemka nayatoa utando, nayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, nayatia kwenye kopo lenye mfuniko na kutikisa mpaka yaumuke. Mgahawani nilikofanya kazi tulikuwa na mashine ya kazi hiyo. Mgahawa umefungwa, mashine imeuzwa, nimebaki na mikono.

Kisha pazia la mlangoni. Kitanda cha mama mkwe kiko karibu na mlango, stuli iko kichwani pake. Nakohoa. Shikamoo mama. Marahaba baba. Mkono ndani, uso nje. Naweka kikombe, narudi jikoni. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kula mbele yangu, na mimi sijawahi kukanyaga chumba anacholala. Kwao Misungwi ndivyo ilivyo, kwetu Majita vilevile. Mkwe ni mkwe.

Hospitali walisema tumrudishe nyumbani, tumbo lake halina dawa tena. Uji hataki. Mchuzi wa sato unamtapisha. Anachoweza ni hii tu. Anaiita rate. Late, kahawa ya maziwa yenye povu, nilimwambia siku ya kwanza. Ndiyo, rate, akasema. Basi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda kumwona Vero wodini. Presha ya mimba. Daktari amemkataza hata kukaa kitako. Mke wangu haulizi habari zangu, anauliza moja tu: mama anakunywa? Anakunywa, nimesema. Mabega yakalegea. Mama yake alimwahidi atasubiri amwone mtoto, na Vero anaishi kwa neno hilo.

Vero ni mtoto pekee. Mama yake mdogo yuko Maswa, miguu haimbebi. Kwa hiyo hapa Mkolani tupo mimi, mgonjwa nisiyeruhusiwa kumtazama, na Mama Kulwa wa jirani. Anakuja alfajiri kumwogesha, halafu anakimbilia meza yake ya nyanya Igoma. Jioni anapitia tena kumgeuza.

Mchana nilikuwa natikisa kopo, mama akasema kutoka ndani: mkwe, unatikisa kama unafukuza kuku. Taratibu. Siagi haikimbizwi. Ametikisa vibuyu vya maziwa maisha yake yote. Nikapunguza. Povu likatoka zito kuliko la mashine. Imeniuma kidogo kukubali.

Alhamisi, 6 Machi

Kikombe kimerudi kimejaa.

Povu limezama, utando umekaa juu. Imenishinda leo, baba, alisema. Sauti ya kawaida. Nimeonja. Tangawizi nyingi, nadhani. Inawasha kooni. Kosa langu.

Ijumaa, 7 Machi

Bila tangawizi. Kimejaa.

Nimekasirika. Niliandika jana kuwa ni kosa langu, leo naona ni la kwake. Wazungu walikuwa wanaipiga picha kahawa yangu kabla ya kuinywa. Leo bibi wa Mkolani anairudisha. Nimepiga ndoo teke uani, maji yote yakamwagika, nikaenda kuchota mengine. Mjinga mimi. Mtu anakufa na mimi naona nimedharauliwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimebadilisha kila kitu. Kungumanga kidogo, asali badala ya sukari, mdalasini nusu. Kimerudi kimepungua kidole kimoja. Mama Kulwa jioni alitoka na kanga ya mgonjwa ina doa la kahawa kifuani. Nikafurahi. Nikaona ndiyo dalili kwamba amekunywa.

Vero ameuliza. Nimesema anakunywa. Kidole kimoja nacho ni kunywa.

Jumapili, 9 Machi

Misa sikwenda. Nilisimama kwenye pazia kama mtu anayesubiri hukumu, nikamuuliza anataka niifanyeje. Iriki tu, alisema. Yako ni nzuri, mkwe. Usihangaike.

Iliki tu, basi. Na karafuu moja niliyoitoa kabla haijaleta uchungu. Nimerudi baadaye kuchukua kikombe. Kitupu. Kitupu kabisa, povu limebaki ukingoni tu. Niliketi sakafuni jikoni nikacheka peke yangu. Vero nilipomwambia alilia. Akasema Mungu akubariki, mume wangu. Tangu alazwe hajaniita hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Kitupu.

Jumanne, 11 Machi

Kitupu tena. Najisifu. Iliki ndiyo ilikuwa siri, kumbe mengine yote ni mbwembwe. Sauti yake ya marahaba imekuwa nyembamba, lakini mvua imenyesha na baridi ipo. Ni baridi.

Jumatano, 12 Machi

Mama Kulwa amenishika mkono uani asubuhi, ndoo ya mgonjwa iko miguuni pake. Hii ni nini, ameuliza. Nikasogeza pua. Iliki.

Mama mkwe anaimwaga. Kikombe kiko kwenye stuli, ndoo iko chini yake, anakisukuma kwa viganja viwili kikainamie humo. Siku zote tatu. Mama Kulwa alidhani ni maji ya kunawa, leo ndiyo ameinusa. Mgonjwa alikuwa akimwambia uji hapana, nasubiri kahawa ya mkwe. Na mimi nilikuwa nikiambiwa asante. Kila mmoja wetu alijua mwenzake ndiye anayemlisha.

Nimeenda kwenye pazia. Sikusalimia. Nimesema mama, kwa nini? Amejibu:

"Mkono haufiki mdomoni, baba. Nikiinua kinanimwagikia. Na ningekurudishia kila siku ungesema mama mkwe anakataa chakula changu."

Wiki nzima natafuta kosa kwenye viungo. Kosa lilikuwa kwenye mkono wa mtu, nyuma ya kitambaa. Mtu yeyote mwenye macho angeliona kwa kutazama mara moja. Sisi hatutazamani.

Mama Kulwa amemlisha vijiko vichache, amekoholewa, ameondoka. Nimemwomba abaki mchana. Hawezi. Watoto wake wanakula kutoka meza ile.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepika mchana. Nimesimama na kikombe mpaka kikapoa, nikamwaga, nikapika kingine. Ilikuwa hasira tupu. Kwa heshima, kwa wazee waliotuachia heshima, kwangu.

Nikasema mama, naomba kuingia.

Nikadhani amelala. Kisha akasema, ngoja nijifunike.

Amejifunika kanga uso mzima akaacha mdomo tu. Mimi nimeketi kwenye stuli nikageukia ukuta. Kuna picha ya Bikira Maria na msumari ambao haujatundikwa kitu. Nikapeleka kijiko kwa kubahatisha. Cha kwanza kiligonga kidevu. Akasema huko siko, na nikasikia anacheka, au anakohoa. Kahawa yenyewe ilimkwama. Akaitema, nikafuta kidevu bila kukitazama. Kisha nikampa povu tupu.

Povu lilishuka.

Halimkwami. Linayeyuka linaenda lenyewe. Nikampa lote, nikarudi kutikisa lingine. Taratibu, kama alivyosema. Akala na hilo. Alipochoka alinishukuru kwa Kisukuma, wabeja, baba. Halafu akasema usimwambie mtu. Kwetu watanicheka kaburini kwamba nililishwa na mkwe. Hata Vero usimwambie. Apia.

Nimeapa.

Jumamosi, 15 Machi

Kila siku mara mbili sasa. Povu tu, iliki tu. Kahawa yenyewe nakunywa mimi, imepoa. Mama Kulwa anajua. Amesema hajaona kitu.

Ukuta ule naujua kuliko uso wa mtu yeyote. Mama ameniambia habari za ng'ombe wa baba yake, mmoja aliitwa Sabuni kwa weupe wake. Amechoka katikati ya habari. Sijui Sabuni aliishia wapi.

Vijiko vinapungua. Sipendi kuvihesabu.

Jumatatu, 17 Machi

Madaktari wameamua. Vero atapasuliwa Alhamisi, presha haishuki. Nimemwambia mama. Nimemwambia bado kidogo tu, mama, Alhamisi. Akasema nakaza. Neno hilohilo, nakaza, kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli.

Mguu wake ulitoka nje ya shuka. Niliuona kwa pembe ya jicho. Ni mfupa. Nikaufunika nikatoka nje nikalia nyuma ya choo, maana nyumba ni ndogo na anasikia.

Jumatano, 19 Machi

Mdomo haukufunguka.

Nilisubiri na kijiko. Nikasema mama, ni mimi. Mkono ulianza kuchoka. Povu likawa maji. Ndipo nikageuka. Kanga ilikuwa imetulia juu ya uso, haipandi wala haishuki. Nikaivuta. Nimemtazama mama mkwe wangu usoni kwa karibu mara ya kwanza, na alikuwa hawezi tena kuona haya. Vero amechukua paji lake. Sikuwahi kujua.

Nimemfumba macho. Kazi hiyo si yangu, ni ya wanawake, lakini Mama Kulwa alikuwa Igoma, mbali, na nisingemwacha hivyo mpaka jioni.

Jioni, wodini. Daktari alinivuta pembeni, akasema presha iko juu sana, kabla ya kupasuliwa asiambiwe jambo lolote. Nikaingia. Vero akaniuliza lile swali lake.

Anakunywa, nimesema.

Ijumaa, 21 Machi

Tumemzika Misungwi. Mvua. Udongo mweusi unanata kwenye viatu, watu wanateleza na jeneza. Mtoto alizaliwa jana, msichana, mdogo mno, yuko kwenye chumba cha joto lakini anapumua. Nimekuwa baba na nimebeba jeneza, na katikati sijalala. Vero bado hajui. Nitamwambia kesho.

Jumapili, 23 Machi

Nilimwambia jana. Hakupiga kelele. Aliuliza lini. Nikasema Jumatano. Akasema Jumatano ulikuja. Nikasema ndiyo. Akageukia upande wa pili na mshono wake, taratibu, akanipa mgongo. Leo nimekwenda, hajanisemesha. Ana haki.

Jumamosi, 29 Machi

Wako nyumbani, yeye na mtoto. Majirani wamekuja kumpa pole na hongera kwa wakati mmoja, hawajui waanze na ipi.

Wageni walipopungua ameniuliza. Ni maneno ya kwanza marefu tangu siku ile. Mwisho wake, nani alikuwa anamlisha? Mama asingeweza kushika kikombe, namjua, mikono ilishaanza kutetemeka kabla sijalazwa. Mimi sikuwa nayajua hayo. Hakuna aliyeniambia, sikuuliza.

Mama Kulwa alikuwa ameketi mkekani na mtoto mapajani. Akaniangalia. Nilikuwa na la kusema. Lingeweza kunirudishia mke wangu, pengine.

Mama Kulwa, nimesema.

Vero ameinuka kwa shida, ameenda ndani, ametoka na kitenge chake kipya, kile alichokiweka kwa ajili ya kutoka hospitali. Amempa kwa mikono miwili, amepiga magoti na mshono wake wote. Mama Kulwa amekipokea. Angefanyaje? Machozi yamemtoka na kila mtu ameona ni ya msiba.

"Afadhali," Vero amesema. Alikuwa ananiambia mimi, bila kunitazama. "Afadhali ulikuwa mkono wa mwanamke. Mama yangu hakuaibika."

Ni kweli, nimemjibu. Hakuaibika.