Baraka Niliyoitoa Bila Kuuliza

Mpendwa Mama Wambui,

Leo nimeamka nikilikumbuka kanisa letu la mabati kule Kangari. Tulikuwa watu thelathini hivi tukijaa vizuri, nawe benchi la tatu karibu na dirisha, maana macho yako yalitaka mwanga. Mimi nilikuwa pasta mpya mwenye haraka zake. Jumapili yangu ya kwanza, nilipoinua mkono kutoa baraka ya mwisho, ulisimama.

"Pasta, Kamau hako. Sasa tunafunga aje na hatujui ako wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yenu, na hakuna aliyenidokezea. Basi tukatoka sote kwenye mvua, tukapita katikati ya mashamba ya majani chai, nami nikinung'unikia viatu vyangu na chakula cha mchana. Tukamkuta Kamau kitandani, mguu umevimba, ameona aibu kanisa zima kujaa mlangoni pake. Ukammiminia chai ya thamosi yako. Baraka nikaitolea pale pale, nimekanyaga maganda ya viazi. Ile ilikuwa furaha, Mama, lakini mimi niliihesabu kuwa usumbufu.

Ndiyo maana nilipoitwa Nyeri mjini nilifungasha upesi. Huku tuna ibada tatu, na moja lazima iishe ndipo nyingine ianze.

Siku tulipokuzika, binti yako Wambui aliniambia kwamba ulikuwa ukikaa kwake hapa Nyeri, ukienda kliniki.

"Alikuja kwa kanisa yako Jumapili tatu, pasta. Alikuwa anakaa huko nyuma. Alisema tukuache, ati uko na watu wengi."

Jumapili tatu nilihubiri mbele yako nisikuone. Ya nne, ulipokuwa umelazwa, nilitoa baraka saa tano kamili, nikaingia ofisini kunywa chai. Naona haya hata kuyaandika.

Jumapili iliyopita niliushusha mkono kabla ya baraka, nikauliza ni nani hayuko. Watu wakatazamana. Mwishowe mama mmoja akasema, "Kuna mwenye hukaa hapa kando yangu. Hajakuja, lakini simjui jina." Nami sikumjua. Wa ibada ya pili walingoja nje huku tukiulizana.

Pumzika, Mama. Huyo tutamtafuta. Lakini jina lako nililijua, na kiti chako, na hata thamosi yako, na bado sikuuliza.

Ni mimi,
Pasta wako wa Kangari