Mahali Nilipomsimamisha Baba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako sasa linakubali kupanda ngazi bila manung'uniko. Mimi mwili hauna neno, nakula vizuri na kile kikohozi kimekwisha. Roho ndiyo haijatulia, na iliyoivuruga ni barua yako.

Umenieleza kwamba Baba amelitoa kabatini lile koti lake la udereva, amelipiga pasi mwenyewe, na kwamba nusu ya mtaa imejiandaa kuja Jumamosi kutazama filamu yangu kwa sababu na yeye yumo. Ukaniuliza pia, kwa mzaha, ni wazimu gani huu wa Baba kubandika kipande cha utepe wa njano sakafuni hapo sebuleni na kumfokea kila anayetaka kukibandua akifagia. Nitakujibu, lakini kwanza niseme lililo zito nisije nikalizungukazunguka. Baba hayumo katika filamu. Haonekani popote, hata bega. Jumamosi atakaa katikati ya majirani zake na koti lake limenyooka, na filamu itaanza mpaka iishe bila yeye.

Nilikwisha kukuandikia barua nyingine, ya kusema kwamba kipande chake kilikatwa kwa kuwa filamu ilizidi urefu. Nimeichana. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni Mama alipokuwa kazini, uongo wangu unaunusa kutoka mbali.

Huo utepe ni wa kazi yetu. Kabla ya kupiga picha, kila mwigizaji huonyeshwa atakaposimama, atakapopita na atakapokomea, na tunambandikia alama sakafuni, kila mtu na rangi yake. Watu hudhani kazi ya mwongozaji ni kupiga kelele. Kazi yenyewe hasa ni hiyo ya kupanga watu: nani akae, nani abaki amesimama, nani asogee karibu na nani ampe mwenzake mgongo. Ukiwapanga sawasawa, mtazamaji anaelewa nani anapendwa na nani amechokwa, hata ukizima sauti.

Chukua sehemu tuliyokuwa tukiipiga siku Baba alipokuja. Mama mmoja anarudi nyumbani baada ya kupotelea mbali miaka mingi, na wanawe watatu hawamtaki. Mwandishi alikuwa amejaza kurasa za lawama na machozi. Nikazifuta zote. Nikaweka chumbani viti vitatu tu, wanawe wameketi, na hakuna anayeinuka. Mama anabaki mlangoni na mfuko wake, anaubadilisha mkono, anaubadilisha tena. Yule kijana anayecheza kitindamimba alilalamika kwamba hawezi kukaa namna ile huku mama amesimama, miguu inamwasha. Nikamwambia mwasho huo ndio ninaoutaka. Nilijiona mjuzi kwelikweli.

Baba alifika katikati ya mazoezi. Unaijua sauti yake, ya mtu aliyeshindana na injini ya lori maisha yake yote. Tangu getini akaniita Kijiko, mbele ya waigizaji, mafundi wa taa na wale wafadhili wawili waliokuja kuona kazi inavyokwenda. Halafu, bila kuulizwa, akawasimulia kwamba nilikuwa silali mpaka nishike kijiko mkononi, na kwamba asubuhi moja nilimchoma nacho jichoni. Watu wakavunjika mbavu. Mfadhili mmoja akataka kujua kama kijiko chenyewe bado ninacho. Nilicheka nao, Dada, lakini moyoni nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu tuanze filamu ile nilikuwa nahangaika watu hao wanione mtu mzima, na Baba ameniangusha kwa salamu moja.

Nikamshika mkono, nikamwambia nina nafasi yake. Nikampeleka nje, nikambandikia utepe wa njano chini ya dirisha, rangi ambayo hakuwa nayo mtu. Nikamweleza kwamba kila akisikia nimesema twende, atembee kutoka hapo mpaka kwenye nguzo ya taa, taratibu, kama mtu mwenye mawazo, na kwamba ataonekana dirishani akipita. Akaniuliza avue kofia au abaki nayo. Nikamwambia abaki nayo.

Sasa nisikilize. Kamera ilikuwa imeelekezwa mlangoni, na dirisha lilikuwa nyuma ya kamera. Sikukosea hesabu, wala hakuna kilichokatwa baadaye. Nilijua. Mimi ninayejigamba kwamba najua maana ya kila mahali mtu anaposimama, nilimtafutia baba yangu mahali ambapo hataonekana wala kusikika, nikamwacha juani akitembea kwa ajili ya kamera iliyompa mgongo. Na mle ndani nilikuwa nawafundisha watu namna ya kumwonyesha mzazi aliyenyimwa kiti. Naona aibu hata kuandika.

Barua yako iliponifikia nilikimbilia kwa mhariri wa filamu, tukapekua picha zote za siku ile, nikiomba nipate walau kivuli chake ukutani nikichomeke mahali. Hakuna. Mpigapicha wetu, tunayemwita Kimya kwa tabia yake, alikuwa amekaa pembeni akitutazama. Mwishowe akasema nisijisumbue, Baba anajua. Nikamuuliza anajua nini. Ndipo akanieleza kwamba wakati wa chakula, mimi nikiwa na wafadhili wangu, Baba aliomba achungulie kwenye kamera. Akauona mlango, akaviona viti. Akauliza dirisha liko wapi. Kimya akababaika, kisha akamwambia ukweli kwamba liko nyuma yao. Baba akamwomba asinidokeze, maana siku hiyo nilikuwa na mengi kichwani, na wageni wale wasije wakadhani nimekosea kazi. Akavaa kofia yake akarudi kwenye utepe. Mpaka jioni, kila niliposema twende, alikwenda.

Nimeisoma tena barua yako, Dada. Uliandika kwamba akiwaalika majirani huwaambia wasihangaike kumtafuta yeye, yeye ni mpita njia tu, wamtazame yule mama mlangoni na namna nilivyowapanga watu. Wewe ukacheka, ukauliza unyenyekevu huu Baba ameuokota wapi uzeeni. Sio unyenyekevu. Anawaandaa wasimwone, ili Jumamosi aibu isinipate mimi. Nililia, sikufichi, na mhariri akatoka nje kunipisha.

Nakuomba usimwambie lolote. Nitafika Ijumaa, nimwombe radhi kwa mdomo wangu, na sitaki mtu anitangulie. Kama atakuwa amekaa na asiinuke, nitabaki pale mlangoni na mfuko wangu mpaka aniambie pa kukaa. Lakini unamjua. Atainuka kabla sijamaliza kupiga hodi, anitolee kile kiti chake kwa kelele zake zote, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Msalimie sana shemeji, mwambie redio yake nimeitengenezesha na nitakuja nayo. Watoto wabusu kwa niaba yangu, waambie mama yao mdogo hajasahau zile rangi za kuchorea. Goti lako lisugue kila jioni, usijitie ushujaa. Na huo utepe, tafadhali, asiubandue mtu. Fagieni mkiuzunguka.

Ni mimi mdogo wako,

Kijiko